Mcheshi na Shujaa: Lugha ya Hadithi za Picha katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia sana riwaya, tamthilia na ushairi, na hadithi fupi nayo imepata nafasi yake pole pole. Hadithi za picha, ziitwazo pia vibonzo au katuni, zimebaki mlangoni. Hudhaniwa kuwa ni mambo ya watoto na ya kupitisha wakati, yasomwayo leo katika gazeti ambalo kesho litafungiwa nyama. Dhana hiyo yasahau jambo moja. Msomaji wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza aliisoma riwaya kwa sababu ya mtihani, lakini kibonzo alikisoma kwa sababu alikitaka. Maandishi yasomwayo kwa hiari, katika lugha ambayo msomaji hakuipata kwa mamaye, yanastahili kuchunguzwa kwa makini kama maandishi mengine yoyote.

Makala haya yanakusudia kuzitazama kazi chache za aina hiyo zilizowafikia wasomaji wa miji ya Mlima Kenya tangu uhuru hadi karne hii, na kuuliza swali moja: mhusika anapopewa maneno, anapewa lugha ipi, na kwa nini? Kwa ajili ya uchambuzi, kila picha moja katika mfuatano itaitwa kisanduku, na mchoro ule wa duara utokao kinywani mwa mhusika ukiwa na maneno yake utaitwa kiputo.

Vigezo vya Mpenzi Msomaji

Mhakiki wa chuoni huja na vigezo vyake vya fani na maudhui, wahusika, mandhari na dhamira. Mpenzi wa hadithi za picha hana istilahi hizo, lakini ana vigezo vyake, na si vyepesi. Kwanza, hutaka picha na maneno vigawane kazi. Kisanduku kikionyesha mtu anakimbia, na maneno chini yake yakasema kwamba mtu huyo anakimbia, msomaji amelipishwa mara mbili kwa bidhaa moja. Pili, hutaka kuyasadiki maneno ya kiputoni: je, mtu wa aina hii, mahali hapa, angesema hivi? Tatu, hutaka kazi iwezayo kupita kutoka mkono hadi mkono, isomwe ndani ya matatu au kwa kinyozi, na kila aipokeaye aielewe bila kufasiriwa.

Vigezo hivi vitatu ndivyo vitakavyotumiwa hapa. Cha pili ndicho kizito kuliko vyote, maana ndicho kigusacho lugha, na ndicho kilichopuuzwa zaidi na watungaji na wachapishaji.

Juha Kalulu na Uwekevu wa Fani

Kazi ya kutajwa kwanza ni Juha Kalulu ya Edward Gitau, iliyochapishwa kwa Kiswahili katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi. Jina lenyewe ni fumbo. Juha kwa Kiswahili ni mjinga, na katika ngano za Waarabu yupo Juha ambaye ujinga wake mara nyingi huficha hekima. Kalulu ni sungura katika baadhi ya lugha za Kibantu za kusini, na sungura ni mjanja wa ngano zetu. Hivyo mhusika amebeba ujinga na ujanja katika jina moja, na msomaji hushindwa kujua mapema ni upande upi utakaojitokeza siku hiyo.

Fani ya kazi hii ni ya uwekevu. Mchoraji wa gazeti hupewa visanduku vichache tu, na katika visanduku hivyo lazima aanzishe kisa, akipindue na akimalize. Hana nafasi ya msimulizi wa kufafanua. Hapa kigezo cha kwanza hutimizwa kwa lazima ya ukurasa, na Gitau aliifanya lazima hiyo kuwa sanaa. Lugha yake ilikuwa Kiswahili chepesi cha mtu wa bara, kisichojipamba kwa misamiati ya pwani wala kujitukana kwa makosa ya makusudi. Kicheko kilitoka katika matendo ya Juha, hakikutoka katika matamshi yake. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, kama itakavyothibitika mbele.

Upungufu wa Juha Kalulu ni upungufu wa aina yake. Mhusika huyu hawezi kukua, hawezi kuhuzunika kwa muda mrefu, wala hawezi kufa. Kesho lazima arudi kama alivyokuwa jana. Kwa hiyo Kiswahili alichopewa msomaji kupitia kwake, ingawa kilikuwa kizuri, kilikuwa Kiswahili cha kuchekea.

Pichadithi na Ngano ya Wanjiru

Katika miaka ya 1980 Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alianzisha mfululizo wa vitabu vya picha ulioitwa Pichadithi. Mfululizo huo ulizichukua ngano na visakale vya Kenya: Lwanda Magere wa Waluo, Abunuwasi wa pwani, na Wanjiru wa Wagikuyu. Ulikuwa mradi wa thamani, na watoto wengi wa Kenya waliwaona mashujaa wa jamii nyingine kwa mara ya kwanza humo. Lakini mna kinaya katika jalada lake. Jina ni la Kiswahili, limeundwa kwa ustadi kutokana na picha na hadithi; msomaji afunguapo kitabu akuta viputo vimejaa Kiingereza.

Ngano ya Wanjiru ndiyo ifaayo kuchunguzwa, kwa kuwa ndiyo ya mlimani. Bwana na Bibi Routledge, waliokaa Ugikuyuni mwanzoni mwa karne ya 20, waliichapisha kwa Kiingereza katika kitabu chao cha mwaka 1910. Ukame wadumu miaka mitatu. Mganga aagiza kwamba Wanjiru anunuliwe kwa mbuzi. Watu wakusanyika, na binti aanza kuzama ardhini: magotini, kiunoni, shingoni. Kila hatua alia kwamba anapotea, na kwamba mvua itakuja. Jamaa zake wanapotaka kumwokoa wapewa mbuzi, nao waacha. Mvua yanyesha, binti atoweka. Baadaye kijana ampendaye amfuata chini ya ardhi, amrudisha, na kumficha hadi siku ya ngoma.

Ngano hii imejigawa yenyewe kuwa visanduku. Magoti, kiuno na shingo ni picha tatu zilizopangwa na msimulizi wa kale aliyekuwa hana karatasi. Aidha, ndani yake mna tukio moja ambalo picha yaweza kulisema vizuri kuliko maneno: mkono wa jamaa ukipokea kamba ya mbuzi huku macho yakigeuka upande. Kisanduku hicho hakihitaji kiputo chochote. Mchoraji akiongeza pale maneno ya kulaani tamaa, atakuwa amemnyang'anya msomaji hukumu yake.

Mahali pahitajipo maneno ni kinywani mwa Wanjiru, na hapo ndipo lugha iliyochaguliwa huonyesha uwezo au udhaifu wake. Kiswahili kina vitenzi vya ngazi kwa ngazi: mtu hutopea kwanza, akadidimia, kisha akazama. Vitenzi vitatu kwa visanduku vitatu, na kila kimoja ni kizito kuliko kilichotangulia. Kiswahili kina pia tanakali za sauti, ambazo kila mtoto wa shule ya msingi nchini Kenya amezikariri: kitu huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu, na mtu hulowa chepechepe. Mtoto huyo hufundishwa tanakali hizo kwa orodha, kama dawa ya kumeza, ilhali hadithi ya picha ndiyo makao yake ya asili, kwa kuwa humo sauti huandikwa kwa herufi kubwa pale pale tukio linapotendeka. Kumzamisha Wanjiru kwa Kiingereza ni kuiacha hazina hii kabatini.

Hata hivyo haki itendeke kwa Pichadithi. Wachapishaji walifuata soko, na soko la vitabu vya watoto nchini Kenya lilifuata shule, nayo shule ilitukuza Kiingereza. Lawama si ya mchoraji peke yake.

Abunuwasi wa Gado

Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilitoa Abunuwasi, kitabu cha picha kwa Kiswahili kilichochorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania ambaye wasomaji wa Kenya walikuwa wamekwisha kumjua kwa vibonzo vyake vya siasa katika gazeti la Daily Nation. Kampuni hiyo ilichapisha vitabu vingine vya picha kwa Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ilithibitisha kwamba njia ipo. Mtaalamu Rose Marie Beck aliuliza mwaka 1999 kama kazi kama hizi ni vibonzo vilivyoandikwa kwa Kiswahili tu, au ni vibonzo vya Kiswahili hasa. Swali hilo lina uzito. Kibonzo kwa Kiswahili chaweza kuwa tafsiri tu, lakini kibonzo cha Kiswahili hufikiri kwa Kiswahili tangu mchoro wa kwanza.

Kwa kigezo hicho Abunuwasi amefaulu, maana mhusika huyu hawezi kutenganishwa na lugha yake. Katika kisa chake kijulikanacho sana, huazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kisufuria kidogo akisema kwamba imezaa, na jirani akafurahi. Akiazima tena, hudai kwamba sufuria imekufa. Ujanja wote umo katika vitenzi viwili, kuzaa na kufa, na aliyekubali cha kwanza hana njia ya kukikataa cha pili. Hiyo ni hoja ya lugha kabla ya kuwa hoja ya picha.

Msomaji wa Nyeri hufurahia visa hivi, lakini huvifurahia kama mgeni barazani. Abunuwasi ni mtu wa pwani, na babu yake wa mbali ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyeishi karne nyingi kabla ya gazeti la kwanza la Kenya. Tena, yeye naye ni mcheshi. Hapo ndipo mfululizo wa mambo uanzapo kuonekana. Juha Kalulu, mcheshi, alipewa Kiswahili. Abunuwasi, mcheshi, alipewa Kiswahili. Lakini Lwanda Magere na Wanjiru, ambao visa vyao ni vya msiba na utukufu, walipewa Kiingereza.

Shujaaz na Lugha ya Vijana

Mwaka 2010 ulitokea mfululizo uitwao Shujaaz, uliotolewa kila mwezi na kugawiwa bure, pamoja na gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, hata katika miji midogo. Mwaka 2012 ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, ambaye kwa siri huendesha kituo cha redio akijiita DJ B. Miongoni mwa mambo yaliyotangazwa humo ni shauri la kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa chakula. Kwa mkulima wa Tetu au Mathira jambo hilo si mzaha. Mwewe ni adui wa kila siku, na hadithi iliyoligusa hilo iliingia nyumbani kwake bila kubisha hodi.

Lugha ya Shujaaz ni Sheng. Walimu wengi wa Kiswahili hukoma hapo na kukitupa kitabu. Huo si uhakiki. Kwa kigezo cha pili cha mpenzi msomaji, Boyie husadikika: kijana wa aina yake angesema hivyo. Sheng kinywani mwake ni uchaguzi wa kisanaa kama vile lahaja kinywani mwa mhusika wa riwaya. Aidha, hapa kwa mara ya kwanza neno shujaa limewekwa juu ya mtu anayesema lugha iliyo karibu na Kiswahili, naye hachekwi kwa kuisema.

Kasoro yake ni nyingine. Sheng ni lugha ya umri na ya mtaa, na hubadilika haraka. Mama auzaye viazi sokoni Karatina hakuielewa yote siku ile ilipochapishwa, na kijana wa leo akikifungua kitabu cha mwaka 2010 atakuta maneno yaliyokwisha kuzeeka. Kigezo cha tatu, kile cha kupita mkono hadi mkono, kinatimizwa kwa rika moja tu. Shujaa wa vijana amepatikana. Wa mama na mwanawe pamoja, bado.

Wangari Maathai katika Picha

Mwaka 2014 UNESCO, katika mfululizo wake juu ya wanawake katika historia ya Afrika, ilitoa kitabu cha picha kuhusu Wangari Maathai na Green Belt Movement, kilichochorwa na Eric Muthoga. Hapa mlima umepata shujaa wake halisi. Wangari alizaliwa Ihithe, wilayani Nyeri, mwaka 1940; alianzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977; akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na akafariki mwaka 2011. Kitabu kina rangi na kina heshima, na kiliambatana na zana za kufundishia.

Zana hizo ndizo nguvu yake na ndizo pingu zake. Hadithi iliyoandikwa ili ifundishwe darasani huelekea kumfanya shujaa awe kielelezo kabla hajawa mtu. Wangari mwenyewe, katika tawasifu yake ya mwaka 2006, alisimulia jinsi mamaye alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi alivyokuwa akijaribu kuyaokota mayai ya vyura kijitoni kana kwamba ni shanga, yakamponyoka vidoleni. Tukio kama la mayai hayo lina thamani kwa mchoraji kuliko hotuba kumi, maana ni la mtoto, ni la macho, na lina huzuni ya baadaye ndani yake: kijito kile kilikauka.

Toleo la Kiingereza ndilo lijulikanalo zaidi. Mtu akifikiria kulileta kwa Kiswahili, atakutana mara moja na neno mugumo. Je, liitwe mkuyu? Hapana, kwa kuwa mkuyu ni mti mwingine, na Wagikuyu wenyewe huitofautisha miti hiyo miwili. Katika riwaya pangehitajiwa maelezo ya chini. Katika hadithi ya picha neno mugumo laweza kuachwa lilivyo ndani ya kiputo, na mti wenyewe ukasimama kando yake kwa matawi na mizizi yake. Picha ndiyo kamusi. Hii ni sababu ya kifani, mbali na ile ya kizalendo, ionyeshayo kwamba hadithi ya picha ni mahali pafaapo mno kwa Kiswahili kupokea maneno ya mlimani bila kujeruhiwa, na kwa maneno hayo kuingia Kiswahilini bila kuvuliwa maana.

Kicheko na Matamshi

Kwa nini basi mcheshi hupewa Kiswahili na shujaa akapewa Kiingereza? Sababu moja ni ile ya soko iliyokwisha kutajwa. Sababu ya pili ni chungu zaidi kwa watu wa mlimani. Kigikuyu hakina sauti ya l, na msemaji wake anapojifunza Kiswahili huchanganya l na r. Kosa hili dogo la kifonolojia, ambalo kila lugha huwapa wageni wake kwa namna moja au nyingine, limekuwa mtaji wa wachekeshaji wa Kenya jukwaani, redioni na katika televisheni. Mtu wa Nyeri anapotokea katika mchezo, hadhira huanza kucheka kabla hajatoa hoja.

Hadithi ya picha ina uwezo wa pekee hapa. Kiputo hakina sauti. Mchoraji aweza kuandika matamshi yaliyopotoka ili kuchekesha. Aweza pia kuyaandika maneno ya mhusika kwa tahajia iliyonyooka, na msomaji wa Othaya akayasikia kwa sauti yake mwenyewe, wa Lamu kwa yake, wa Kisumu kwa yake. Gitau, miongo mingi iliyopita, aliichagua njia ya pili hata kwa mhusika aliyeitwa juha. Tena yafaa ikumbukwe kwamba Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, amesema Kiswahili tangu mwaka 1978, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976 ilipotokea kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kimathi wa tamthilia hiyo hakuongea kama kikaragosi, wala hadhi yake haikupungua. Liwezekanalo jukwaani lawezekana kisandukuni.

Huenda wengine wakasema kwamba ngano za mlimani zirudi katika Kigikuyu, Kimeru au Kiembu. Hoja hiyo haipingwi hapa. Gakaara wa Wanjaũ, aliyekuwa na matbaa yake Karatina na kushiriki tuzo ya Noma ya mwaka 1984, alionyesha kwamba mji mdogo waweza kuwachapishia watu wake vitabu kwa lugha yao. Lakini miji ya mlimani si ya kabila moja. Nyeri ina Majengo yake, Nanyuki ina Wameru, Wagikuyu, Wasomali na wengineo katika mtaa mmoja, na stendi ya basi haina lugha ya mama. Hadithi itakayosomwa na wote hao kwa pamoja itahitaji Kiswahili.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba msomaji wa miji ya Mlima Kenya amepewa Kiswahili kilicho kizuri akiwa amealikwa kucheka, Kiingereza akiwa amealikwa kustahi, na Sheng akiwa kijana. Kila kazi iliyotajwa ina ubora wake: uwekevu wa Gitau, upana wa Pichadithi, umahiri wa lugha katika Abunuwasi, ukaribu wa Shujaaz na maisha, heshima ya kitabu cha Wangari. Lisiloonekana katika zote hizi ni mtu mzima wa mlimani asemaye Kiswahili katika jambo zito, bila ya kuchekwa na bila ya kufasiriwa.

Pengo hilo si la wachoraji peke yao. Idara za Kiswahili zifundishazo tanakali kwa orodha zingeweza kuzifundisha kwa visanduku. Maktaba zihifadhizo riwaya zingeweza kuyahifadhi magazeti yenye Juha Kalulu kabla hayajaisha kwa wauza nyama, maana mhakiki hawezi kuchambua kilichokwisha kuoza. Na mwanafunzi wa Karatina au Chuka aliye na kalamu nzuri na masikio mazuri angefaa kuambiwa kwamba ngano ya Wanjiru bado yasubiri. Magoti, kiuno, shingo: visanduku vitatu tayari, na vitenzi vyake vimo ndani ya lugha.